Kaburi la Vigae Vyeupe

Mwaka wa uchaguzi ndio mwaka Mbeyu aliorudishiwa mume. Hakuwa amemwomba kwa Mungu wala kwa watu. Alikuwa ameshazoea kukaa pweke katika ile nyumba ya mabati nje kidogo ya Vitengeni, amezoea sufuria ndogo, amezoea kuufunga mlango mwenyewe na kuufungua mwenyewe, hata kukohoa kwake akakuzoea kama sauti ya mtu wa pili.

Mumewe, Mwaringa, hakumwacha kwa talaka wala kwa ugomvi. Alimwacha kidogo kidogo, kama maji yanavyokauka kidimbwini. Alianza kwa kufanya kazi za ujenzi mbali na kurudi kila mwisho wa mwezi; mara ikawa Pasaka na Krismasi; mara hata Krismasi ikapita. Alipopata mali akajenga nyumba ya ghorofa Malindi, akakaa humo na mwanamke aitwaye Janet. Mbeyu akabaki na pete, maana walikuwa wamefunga ndoa kanisani, na shamba la mihogo na mikorosho lililokuwa la wakwe zake. Wakwe wenyewe walikuwa wameshatangulia mbele ya haki.

Basi siku moja, yuko uani anamenya mihogo, gari jeupe likaja likasimama penye mkorosho wa kwanza. Akashuka mwanamume wa makamo, shati limenyooshwa, viatu vimekwisha kuwa vyekundu kwa vumbi.

"Habari yako, mama," akasema. Hakutoa shikamoo, na Mbeyu akajua huyu si wa huku.

"Njema. Karibu."

"Naitwa Ndirangu. Nimetoka Nairobi. Nafanya kazi na mheshimiwa."

"Mheshimiwa gani?"

"Mheshimiwa Mwaringa. Mume wako."

"Amekuwa mheshimiwa lini?"

Ndirangu akacheka kwa adabu. "Atakuwa, Mungu akipenda. Anagombea useneta."

Hilo Mbeyu alikwisha kulisikia sokoni. Asilolijua ni lile lililoletwa na gari. Mpinzani wa Mwaringa alikuwa amesimama jukwaani kule Kilifi akauliza watu, mtu aliyeshindwa na nyumba ya mke mmoja, kaunti nzima ataiweza? Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na kile kicheko kikasambaa kwenye simu za watu kama moto wa makuti.

"Mama, hakuna mtu anayesoma sera," Ndirangu akasema, amekalia ukingo wa kiti kana kwamba kitamchafua. "Watu wanatazama. Wanataka kumwona mwanamume, mke wake, na nyumba yake. Wakishaona, wanaamini."

"Na Janet?"

Ndirangu akakohoa. "Huyo kwa sasa amesafiri."

Mbeyu akaendelea kumenya. Alipomaliza muhogo ule akautia majini, akafuta kisu kwa leso yake. "Mwambie aje mwenyewe," akasema. "Mimi nimeshaposwa mara moja. Siposwi tena na mshenga wa Nairobi."

Mwaringa akaja kweli. Alikuwa amenenepa, nywele za kando zimeingia mvi, ananukia manukato. Alisimama mlangoni kwake mwenyewe kama mgeni, akangoja kukaribishwa. Walipokwisha kuulizana hali, wakabaki kuwatazama kuku.

"Nitakuletea tangi kubwa la maji," akasema mwishowe. "Na mabati nitayabadilisha yote."

"Sitaki tangi."

"Wataka nini basi?"

Mbeyu hakuwa amelifikiria kabla. Lilimtoka lenyewe. "Kila Jumapili uje ule kwangu. Wewe peke yako. Bila yule wa Nairobi, bila mtu mwingine."

Mwaringa akamtazama kama mtu aliyekuja amejiandaa kutoa ng'ombe akaambiwa alete chumvi. "Basi hilo tu?"

"Hilo tu."

*

Walimpeleka Malindi wakamshonea vitenge vya rangi moja na mashati ya Mwaringa. Wakamsuka. Msichana mpiga picha aitwaye Emily, mpole, mzaliwa wa huko huko pwani, akamweka mbele ya ukuta mweupe na kumgeuza kidevu huku na huku. Ndirangu naye akasimama pembeni akitoa mafunzo.

"Mkono wako uwe juu ya mkono wake, mama, usiwe chini. Vizuri. Na ukimtazama, mtazame hapa shavuni. Usimtazame machoni. Ukimtazama machoni unaonekana kama unamdai."

Hata Mwaringa alikuwa akifundishwa, na Mbeyu, aliyemjua tangu akiwa kijana wa kuchota mchanga, alistaajabu jinsi mwanafunzi yule alivyokuwa mwepesi. Alipokwenda Mambrui alivaa kanzu na kofia ya kiua, akaanza kwa salamu ndefu ya Kiislamu, akawaahidi wavuvi mtambo wa barafu. Jumapili asubuhi alikuwa kanisani na Biblia kwapani. Kwa wakulima wa bara alisema Kigiriama kitupu, akala sima na mboga ya mchunga kwa mkono mbele ya watu, akaahidi hati za mashamba. Kila mahali watu walitazamana wakaambiana, huyu ni wetu. Naye, Mbeyu aliona, kila mahali aliamini kwamba ni wao.

Jumapili ya kwanza alitimiza ahadi. Alikuja akiendesha gari mwenyewe. Mbeyu alichinja jogoo akampika kwa tui zito, akasonga sima, na Mwaringa akala mpaka akalamba vidole. Wakazungumza habari za shinikizo lake la damu. Wakamkumbuka punda wa baba mkwe aliyekuwa akikataa kupita mbele ya kanisa, wakacheka mpaka Mbeyu akajifuta machozi. Jua lilipoanza kushuka akaaga. Mbeyu akaosha sahani mbili, na ile ya pili hakuirudisha sandukuni; akaiacha kwenye kichanja, pamoja na ile yake ya kila siku.

Jumapili ya pili Ndirangu na Emily wakaja nyuma yake. "Dakika chache tu, mama." Chakula kikapoa kikapashwa tena moto. Mwaringa akaambiwa atie tonge mdomoni, kisha alitoe, kisha alitie tena akicheka. Picha ile ikaenea kaunti nzima: mheshimiwa nyumbani kwake. Walipoondoka, kuku alikuwa amebaki karibu mzima, na Mbeyu akala paja moja baridi, amesimama.

*

Mkutano mkubwa wa Vitengeni ulifanyika kwenye uwanja wa shule, mchana, jua la kupasua mawe. Mbeyu alikaa jukwaani, kitenge kimemkaza. Mwaringa alisema habari za barabara, akasema habari za maji, na watu wakapiga makofi ya uvivu. Ndirangu, aliyekuwa amesimama chini ya jukwaa, akagusa bega lake mwenyewe kama mtu anayetoa ishara. Mwaringa akavuta kipaza sauti karibu. Aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine.

"Ndugu zangu, mimi nilikuwa na mtoto. Anaitwa Kadzo."

Mbeyu alihisi kana kwamba jukwaa limekatwa miguu.

"Kadzo wangu aliugua hapa hapa kwetu. Hakukuwa na gari. Nikambeba hapa!" Akajipiga begani. "Nikakimbia naye mpaka viatu vikanitoka! Mwanangu akaniishia mikononi, njiani, kwa sababu hawa viongozi wenu hawakujua kwamba na sisi ni watu!"

Wanawake wakaziba vinywa kwa leso zao. Mwanamume mmoja mzee, mbele kabisa, akavua kofia.

"Mkinipa kura, kila wadi itakuwa na ambulensi yake. Hakuna mtoto mwingine atakayefia njiani! Nasema hakuna!"

"Kadzo!" mtu akapaza sauti, na uwanja ukaitikia, "Kadzo! Kadzo!"

Ukweli ulikuwa hivi. Kadzo alikuwa ndio kwanza anajifunza kusema. Aliamka na homa, na jua lilipofika utosini akashikwa na degedege. Mwaringa alikuwa Lamu, kwenye jengo. Wakwe walikuwa wamekwenda matangani. Mbeyu akamfunga mtoto kwa leso akashika njia ya zahanati, mara anakimbia, mara anatembea. Pikapu moja ilimpita, imejaa magunia ya makaa, akaipungia mkono, haikusimama. Mahali fulani njiani mtoto alizidi kuwa mzito, na mama akajiambia amelala. Alipofika, mganga wa zahanati alimpokea, akamtazama mtoto, kisha akamtazama yeye. Mbeyu akamfunga tena akarudi naye kwa njia ile ile, kwa jua lile lile, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba iko njia nyingine.

Maziko ya mtoto mdogo hayakuwa na watu wengi. Baba mkwe alichimba, jirani mmoja akamsaidia, na wote wawili siku hizi hawako tena duniani. Mwaringa alifika mambo yamekwisha. Akakaa na wanaume, akapokea pole, akarudi Lamu. Hakuuliza wamemlaza wapi. Na tangu hapo watu, kwa huruma, wakaacha kumwita Mbeyu Mama Kadzo, wasimtoneshe kidonda. Jina likapotea vinywani mwa watu. Alilitamka yeye peke yake, na hata yeye kwa kunong'ona.

Sasa uwanja mzima ulikuwa ukilipaza. Mbeyu alijua kwamba wanaliitia uongo. Lakini sikio halichagui. Lilikuwa limeona kiu miaka mingi, likanywa. Machozi yakamtoka, na Emily, chini ya jukwaa, akainua kamera.

"Mama, sema neno," Mwaringa akamsogezea kipaza sauti mdomoni.

Mbeyu akawatazama wale watu. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa marefu mno. "Alikuwa mtoto mzuri," akasema, na sauti yake ikarudi kutoka kwenye vipaza sauti vikubwa, ngeni, kama ya mwanamke mwingine. Uwanja ukalipuka.

Garini Mbeyu alikaa nyuma na Mwaringa.

"Mwaringa, wewe hukuwapo."

Mwaringa akatazama dirishani. Aliyejibu ni Ndirangu, kutoka kiti cha mbele, bila ubaya, kama fundi anayeeleza kazi yake.

"Mama, mwanamke aliyembeba mtoto peke yake, hiyo ni habari ya kila siku. Watu wameizoea. Baba aliyembeba mtoto, hiyo ndiyo wanaisikia."

"Mimi sikulia, unadhani?" Mwaringa akasema ghafla, na sauti yake haikuwa ile ya jukwaani. "Nilipoletewa habari nilikuwa juu ya ukuta wa ghorofa ya pili. Nikakaa pale pale juu nikalia mpaka wenzangu wakashuka wakaniacha. Nani aliniona?"

"Basi waambie hayo," Mbeyu akasema. "Hayo ni kweli."

Mwaringa akamtazama, na kwa muda mfupi Mbeyu akadhani atakubali. Ndirangu akatikisa kichwa. "Mtu analia juu ya ukuta," akasema. "Hiyo haionekani, mheshimiwa."

Jumapili ile Mwaringa hakuja kula. Wala iliyofuata. Hadithi ya Kadzo ikawa ndiyo kampeni yenyewe. Aliisimulia Malindi, akaisimulia Kilifi, na kila mara ikaongezeka kitu: mvua ikaanza kunyesha njiani, mtoto akasema "baba" kabla ya kukata roho. Mbeyu, mkono juu ya mkono wake, aliona jambo lililomtia baridi. Mwaringa alikuwa hasemi uongo tena. Alipojipiga bega, bega lile lilishuka kidogo, kama bega linalokumbuka uzito.

Ndipo Ndirangu akataka picha za kaburini.

"Hapana," Mbeyu akasema. "Nimekaa mlipotaka nikae, nimevaa mlichotaka nivae. Kaburi la mwanangu halipigwi picha."

Ndirangu akamtazama Mwaringa, na Mwaringa akasema, "Sawa, mama. Hapana ni hapana."

*

Wiki ile Mbeyu akapelekwa Kilifi, kwenye mkutano wa akina mama. Gari lilimchukua alfajiri. Akaketishwa kwenye ukumbi uliotazama hori la bahari, akala biriani, akawagawia wanawake leso zenye uso wa mumewe. Aliporudi jua lilikuwa bado juu, na jambo la kwanza aliloliona ni alama za magurudumu uani.

Karibu na ua wa miti, upande wa barabara, kulikuwa na kitu cheupe kinachometameta. Akasogea. Kilikuwa kaburi dogo la saruji lililofunikwa vigae vyeupe, saruji bado mbichi, msalaba kichwani, maua ya plastiki, na maandishi meusi: KADZO. BABA YAKO HAKUKUSAHAU.

Emily alikuwa amekaa chini ya mkorosho na mkoba wa kamera, ameachwa nyuma kwa kuwa magari yalijaa. Alisimama upesi. "Mama, shikamoo. Nilidhani wamekuomba ruhusa. Naapa nilidhani hivyo."

"Nionyeshe," Mbeyu akasema.

Emily akamfungulia simu. Mwaringa alikuwa amepiga magoti mbele ya vile vigae, ameshika mchanga kiganjani. Mabega yalikuwa yakimtetemeka.

"Hapa hatukumwambia alie," Emily akasema taratibu. "Alilia mwenyewe. Hata Ndirangu alinyamaza."

"Nani aliwaonyesha mahali?"

"Mheshimiwa. Alizunguka zunguka kidogo, akaona lile tuta, akasema ndipo hapa."

Mbeyu akakitazama kile kitu cheupe tena, akapima kwa macho kutoka kwenye ua hadi kwenye nyumba. Kisha akaketi chini na kuanza kucheka. Alicheka bila furaha, leso mdomoni, mpaka Emily akaogopa akamshika mkono.

Lile tuta lilikuwa mawe. Mawe matupu, aliyoyang'oa yeye na baba mkwe wake walipofungua shamba la mihogo, wakayarundika pale ili jembe lisivunjike. Mchanga ukayafunika, majani yakaota juu. Mwaringa alikuwa amelilia lundo la mawe.

Kadzo alikuwa nyuma ya nyumba, penye mkorosho usiozaa. Mvua zilikuwa zimekwisha kulisawazisha kaburi lake siku nyingi. Hapakuwa na jiwe wala ua, ila mzizi mmoja uliojitokeza juu ya ardhi, na Mbeyu aliujua mzizi ule kama ajuavyo kiganja chake.

"Ni nini, mama?" Emily akauliza.

"Si kitu, mwanangu. Nimechoka. Njoo unywe maji."

*

Mwaringa alishinda, na alishinda vizuri. Siku ya kura, Mbeyu alipiga foleni shuleni na wenzake, akaukuta uso wa mumewe kwenye karatasi unamchekea. Kama aliutia alama au aliupita, hilo halikuulizwa na mtu, naye hakumwambia mtu.

Alipoapishwa, Mbeyu alimwona kwenye televisheni ya mwenye duka pale Vitengeni. Janet alikuwa amerudi safari yake. Alikuwa amesimama ubavuni mwake, mkono juu ya mkono wake. Waliokuwapo dukani walimtazama Mbeyu kwa pembe ya jicho, kisha wakageuka wakaanza kuuliza bei ya sukari, na Mbeyu akashika njia ya nyumbani.

Mwaringa alikuja mara moja tu, kushukuru, na watu wa televisheni. Walipokwisha kumpiga picha penye vigae akawaomba wasogee garini. Akabaki pale peke yake, kofia mkononi. Mbeyu alikuwa amesimama mlangoni na alimwona vizuri. Hakukuwa na kamera sasa. Mwaringa aliinama, akaweka kiganja juu ya vigae kama mtu anayepima homa ya mtoto, akalia kilio kibaya.

Ilikuwa ni maneno mawili tu. Si hapo. Mbeyu aliyahisi ulimini. Mguu mmoja ulishashuka kizingiti, maana huyu aliyekuwa akilia ndiye mtu pekee duniani ambaye mtoto yule alikuwa wake pia. Lakini akayaona yatakayofuata: wiki ijayo lori la mchanga, mafundi, vigae nyuma ya nyumba, na Ndirangu amesimama juu ya mzizi akitafuta mahali penye mwanga mzuri. Akarudisha mguu ndani.

"Jumapili nitakuja, mama," Mwaringa akasema akiaga, macho mekundu. Naye alisema kweli, kwa maana ya kwamba wakati ule aliliamini neno lake.

Jumapili Mbeyu alichinja. Hakuna aliyekuja. Jumapili iliyofuata alipika maharagwe. Ambulensi moja ililetwa Vitengeni ikapigwa picha watoto wakiwa wamepanda mbele, ikarudi Malindi, na kila aliyeuliza habari zake aliambiwa inangojea mafuta. Lakini watu wakaanza kuja kulitazama kaburi. Walikuja Jumamosi, wakasimama, wakajipiga picha, wakaondoka. Baadhi walimsalimu mwenye nyumba. Wengine walidhani ni mlinzi.

Mwezi mmoja ulikuwa umeandama na kuzama, akaja mwanamke mmoja kwa pikipiki, asubuhi, amevaa buibui lililojaa vumbi la njiani. Alikuwa mtu mzima, rika moja na Mbeyu. Hakutoa simu. Alisimama penye ua akabisha hodi kwa sauti nzima, akangoja mpaka akajibiwa.

"Mimi naitwa Hindu, nimetoka Mambrui," akasema walipokwisha kusalimiana na kuulizana za nyumbani. "Utaniwia radhi, dada. Nimekuja kwa jambo ambalo pengine utaniona nimerukwa na akili."

"Sema tu, Bi Hindu. Keti kwanza."

Hakuketi. "Nilikuwa na binti, Hadiya. Alikwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani. Akafia huko. Nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua, akaniambia ameshazikwa. Wapi, hakujua. Sasa mimi nikitaka kwenda kumzuru mwanangu, sina pa kwenda. Nilimsikia mumeo Malindi akisema habari za mtoto wenu. Watu wote walikuwa wakilia; mimi nikasema moyoni, wenzangu wana bahati, wana kaburi." Akashusha pumzi. "Nimekuja kukuomba unikalishe kidogo karibu na kaburi la mwanao. Nimwombee wangu. Nikimaliza nitakwenda zangu."

Mbeyu akamwonyesha kwa mkono. Bi Hindu akavua viatu, akaenda akaketi chini kando ya vile vigae vyeupe, akainua viganja vyake, midomo ikaanza kutikisika.

Mbeyu akaingia jikoni. Akapuliza moto. Akaweka sufuria, akaiondoa. Alimwona kupitia dirishani, mgongo ule mweusi umeinamia lundo la mawe, na kitu alichokivumilia kwa mumewe, kwa Ndirangu, kwa uwanja mzima wa watu, kikamshinda kwa huyu mmoja. Akatoka.

"Bi Hindu, inuka. Si hapo."

Akamshika mkono, akamzungusha nyuma ya nyumba hadi penye mkorosho usiozaa, akamwonyesha mzizi. "Ni hapa. Pale ni mawe. Baba yake hajui."

Bi Hindu akautazama mzizi, akautazama uso wa Mbeyu. Hakuuliza mambo ya mume. Hakuuliza mambo ya kura. Wakaketi wote wawili chini, na baada ya kuomba kimya kimya, kila mtu kwa dini yake, Bi Hindu akauliza, "Siku ile alikuwa amevaa nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Mbeyu hivyo. "Gauni la manjano. Lilikuwa na vifungo nyuma, kimoja kimekatika. Nilisema nitakishona jioni."

"Mimi wangu sijui walimvika nini," Bi Hindu akasema.

Mbeyu akamsimulia yote. Ile pikapu ya makaa. Macho ya mganga. Njia ya kurudi, na jinsi alivyokutana na mwanamke aliyemsalimu na kumwambia mtoto amelala vizuri, naye akaitikia, ndiyo, amelala. Hilo la mwanamke yule hakuwahi kulitoa kinywani mwake tangu siku ile. Bi Hindu naye akasimulia jinsi Hadiya alivyokuwa akila embe bichi kwa chumvi na pilipili mpaka meno yakawa ganzi, jinsi alivyoogopa paka. Wakati mwingine walisema kwa zamu, wakati mwingine walisema kwa pamoja na hakuna aliyemkatiza mwenzake.

Walipokula adhuhuri ilikuwa imekwisha kupita. Mbeyu akatandika mkeka kibarazani, Bi Hindu akasema atanyoosha mgongo kidogo tu, asije akachelewa gari la Malindi. Kufumba na kufumbua usingizi ukamchukua. Alilala kwa ubavu, kiganja chini ya shavu, nyayo zake zimepasuka, ukaya wa kichwani umemwanguka.

Mbeyu akaketi kando yake na kuanza kumpungia nzi kwa upindo wa leso. Alimkadiria kuwa ni mtu asiyelala vizuri. Baada ya muda akasikia honi barabarani. Gari la Malindi lilikuwa limesimama penye njia panda, utingo anaita abiria. Mbeyu akamtazama mgeni wake. Akainua mkono amguse bega.

Kisha akaushusha, akaendelea kupunga polepole, leso isitoe sauti, mpaka gari likaondoka. Litakuja jingine.